Vitu vya Jeconia

Ufunguo haukuingia. Mwanamke aliyesimama mbele ya chumba nambari nne aliutoa, akaupangusa kwa pindo la sketi yake, akaugeuza upande wa pili na kujaribu tena. Kufuli ilikuwa kubwa, mpya, inang'aa kwa jua la asubuhi. Ufunguo wake ulikuwa mwembamba, wa kufuli za bei rahisi zinazouzwa kando ya barabara.

Njambi alikuwa kwenye kamba ya nguo, vibanio viwili mdomoni. Alikuwa amemwona mgeni huyo tangu alipoingia langoni, akadhani anatafuta nyumba, maana hapo Kiganjo, Thika, haipiti siku bila mtu kubisha kuulizia chumba. Alipouona ule ufunguo, akatoa vibanio mdomoni na kuvitia mfukoni mwa aproni.

"Unatafuta nani, mama?"

"Habari ya asubuhi. Natafuta mwenye ploti."

"Ni mimi. Mama Ciku."

Uso wa mgeni ulichangamka. "Ndiye wewe! Jeconia anakutaja sana. Mimi ni Selpha, dada yake. Amenituma nimchukulie vitu, lakini naona kama kufuli imebadilishwa."

"Jeconia," alisema Njambi polepole, kama mtu anayetafuta jina lililopotea, ingawa mtu huyo alikuwa amekaa kwake miaka minne. "Kwani yuko?"

"Yuko kwa neema ya Mungu. Hamkusikia?"

Selpha alieleza akiwa amesimama palepale, begi begani. Jeconia, fundi wa pampu, alikuwa ameenda Murera kutoa pampu iliyoungua katika kisima cha mkulima mmoja. Walipokuwa wakiivuta, mnyororo uliteleza, na bomba la chuma likamwangukia pajani na mkononi. Simu yake ilitumbukia kisimani. Alilala hospitalini wiki saba, wiki mbili za kwanza bila kujua hata jina lake. Sasa alikuwa kwa Selpha, huko Kimbo, Ruiru, anajifunza kutembea kwa magongo.

"Woi," alisema Njambi. "Pole. Pole sana. Sisi tulijua amehama."

"Ahame aache vitu?"

"Watu huhama hivyo siku hizi. Anafunga mlango, anazima simu, anakuachia deni. Lakini vitu viko. Viko stoo. Ni vile tu mwenye funguo ya stoo ametoka."

Mlango wa chumba nambari tano ulikuwa wazi. Dorine, mpangaji wa humo, alikuwa kizingitini akichambua mchele kwenye sinia, na tumbo lake la miezi saba lilikuwa limefika karibu na magoti. Hakuinua macho aliposema, "Hiyo nambari nne saa hii anakaa kijana anaitwa Dismas. Ameingia mwezi uliopita. Hata kitanda alikipata ndani."

Selpha alimtazama Dorine, kisha akamtazama Njambi, kisha akautazama ule ufunguo mkononi mwake kana kwamba umemdanganya.

"Mama Ciku," alisema, na sauti yake sasa haikuwa na tabasamu. "Ndugu yangu amenipa orodha. Acha nikusomee." Akatoa simu. "Kitanda cha nne kwa sita na godoro. Mtungi wa gesi. Redio na spika zake mbili. Sanduku la spana. Mashine ya kuzungushia waya. Waya wa shaba, roli tatu. Daftari jeusi la hesabu." Akaishusha simu. "Hilo daftari amelitaja mara tatu. Amesema hata nikikosa kubeba vyote, nisirudi bila hilo."

Njambi alivishikashika vibanio mfukoni.

"Viko ama haviko?"

"Viko. Njoo Jumamosi."

"Nitakuja Jumamosi. Na nitakuja na mzee wa Nyumba Kumi, kwa sababu kabla nije hapa nilipitia kwa chifu kuuliza njia. Nikamuuliza na habari ya deni, nilikuwa nauliza tu, nilijua wewe ni mtu mzuri. Ameniambia mwenye nyumba hana ruhusa ya kuvunja mlango wa mpangaji na kuuza vitu vyake bila karatasi ya korti. Hata kama mtu ana deni la mwaka mzima."

Aliutia ufunguo ndani ya begi na kutoka. Dorine aliendelea kutoa mawe kwenye mchele, akiyatupa moja moja uani.

*

Kagwe, mume wa Njambi, alirudi saa saba na kukuta chakula kimechelewa. Alikuwa mtu mfupi, mpole kwa watu wa nje, aliyestaafu kutoka kiwandani na kuyamwaga malipo yake yote kwenye vyumba hivyo vinane. Njambi ndiye aliyekuwa akiviendesha. Ndiye aliyepokea kodi, ndiye aliyejua nani analala na taa ikiwaka. Na siku ile ya kuvunja kufuli, Kagwe ndiye aliyeshika nondo, lakini Njambi ndiye aliyesema, "Vunja."

"Sema alihama," Kagwe alisema alipokwisha kusikia habari yote. "Sema alikuja na pikapu akabeba vitu vyake. Nani atabisha?"

"Dorine atabisha."

"Dorine ana kodi ya mwezi huu haijaisha. Atanyamaza."

Njambi alikuwa akikoroga maharagwe. Mwiko ukasimama sufuriani. Aliutazama moto wa buluu chini ya sufuria, akaufuata mpira wa gesi kwa macho hadi kwenye mtungi uliokuwa kando ya kabati. Kila siku kwa wiki sita alikuwa akiutumia kuwapikia watu wake chakula, na haukuwa wake.

Alizima gesi.

"Maharagwe hayajaiva," alisema Kagwe.

"Yataiva kwa makaa."

"Njambi, sikiza. Yule mtu alikuwa na miezi miwili hajalipa. Ciku alikuwa amefukuzwa shule. Wewe ulifanya nini kibaya? Ulingoja. Ulipiga simu."

"Nilipiga mara mbili."

"Basi si ulipiga?"

Aliweka jiko nje ya mlango, na alipoinama kuchukua karatasi ya kuwashia kwenye kikapu, mkono wake ukagusa jalada gumu jeusi. Akalivuta. Daftari lilikuwa limekonda kama mtu aliyeugua. Kurasa za mwanzo zilikuwa zimeng'olewa zote, moja baada ya nyingine, kila asubuhi, kuwashia jiko la maji ya kuoga, na aliyezing'oa ni yeye. Alikuwa ameona tarakimu tupu na vimichoro vya duara, akadhani ni hesabu za mtu za kubahatisha mechi.

Sasa aliketi kwenye kigoda na kusoma ukurasa uliobaki wa kwanza. *Mota, nguvu ya farasi 1½. Waya na. 21. Mizunguko 48 kila koili. Pampu ya Mama Gachau, Murera. Iliungua mara ya pili, niliongeza mizunguko 2, ikatulia.* Chini yake tarehe, miaka tisa iliyopita. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa pampu nyingine, na uliofuata nyingine, mwandiko mdogo uliobanana, wino umebadilika rangi mwaka baada ya mwaka.

Kagwe alimkuta akihesabu kurasa kwa kidole.

"Ni ya nini hiyo?"

"Ni kazi ya mtu," alisema Njambi. "Kesho naenda kwa Kaleli."

"Kufanya nini? Hivyo vitu vimeuzwa!"

"Basi nitavinunua."

"Na pesa gani?"

"Zamu yangu ya chama ni wiki hii."

Pesa hiyo ya chama walikuwa wameipangia mabati ya choo tangu Januari.

*

Kaleli alinunua vyuma chakavu katika uwanja uliozungushiwa mabati, nyuma ya stendi ya bodaboda. Alikuwa ameketi juu ya injini ya trekta akinywa chai kwenye kikombe kisichokuwa na mkono.

"Ile mashine," alisema. "Ile yenye rimu ya baiskeli?"

"Hiyo."

"Uliniuzia kwa kilo, mama. Kilo ishirini na mbili. Nilikulipa elfu moja na mia moja, na nikakuongezea ya soda."

"Nakumbuka. Nimekuja kuinunua."

Kaleli alicheka kidogo, bila ubaya, kama mtu anayecheka na bahati. "Sasa si skrepu tena. Mtu akirudia kitu, ujue ni chombo. Elfu tatu."

"Kaleli!"

"Elfu tatu. Na uitafute mwenyewe, mimi leo niko peke yangu."

Njambi alifunga leso kiunoni. Alipanda lundo la chuma akiwa amevaa viatu vyake vya kanisani, kwa kuwa alikuwa ameondoka nyumbani akidhani ni jambo la mazungumzo tu. Alitoa milango ya majokofu, vyuma vya vitanda, miguu ya viti vya shule. Vijana wa bodaboda walikuwa wakimwona juu ya ukuta wa mabati, na mmoja akapaza sauti, "Mathe, umeanza biashara ya chuma?" Wenzake wakaangua kicheko. Hakugeuka. Chuma kilimkata kiganja, akakifunga kwa ncha ya leso na kuendelea.

Aliikuta karibu na adhuhuri. Rimu ilikuwa imepinda. Mkono wa kuzungushia ulikuwepo. Lakini kile kisanduku kidogo chenye namba zinazojigeuza, kilichohesabu mizunguko, kilikuwa kimeng'oka, na alirudi lundoni kukitafuta kwa saa nzima hadi alipokipata ndani ya bati la rangi lililojaa boliti.

"Na waya wa shaba?"

"Shaba hailali hapa, mama. Ilienda Nairobi wiki hiyohiyo."

Alilipa elfu tatu. Kaleli alizihesabu, kisha akautazama mkono wake uliofungwa, na kwa sababu zake mwenyewe akamrudishia mia mbili.

"Ya mkokoteni," alisema.

*

Siku iliyofuata alikwenda Ruiru. Mbuvi alikuwa na duka la vitu vilivyotumika, viti na televisheni vimepangwa hadi kwenye mtaro, na siku hiyo alikuwa na wateja watatu. Njambi alisubiri waishe. Hawakuisha. Alipoona hivyo akasogea na kusema kwa sauti ya chini kwamba amekuja kuulizia redio na sanduku la spana alivyomletea mwezi uliopita.

"Za ndugu yako!" Mbuvi alisema kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Yule ameenda Qatar, akakuambia uuze vitu. Amerudi?"

Wateja waligeuka. Njambi alikuwa amesahau alimdanganya nini Mbuvi. Alikuwa amesema haraka siku ile, na uongo ulikuwa umetoka kwa urahisi.

"Sina ndugu Qatar," alisema. "Vilikuwa vya mpangaji. Nilivunja mlango wake nikauza."

Mwanamke aliyekuwa akikagua meza aliiachilia meza na kumtazama toka kichwani hadi miguuni. Mbuvi alikuna shingo.

"Ai, mama. Ukiniletea vitu vya watu, polisi watakuja kunishika mimi, si wewe."

"Ndiyo maana nimekuja kabla yao."

Redio ilikuwepo, spika moja imechanika. Alimlipa elfu mbili na mia tano kwa kitu alichokuwa amekiuza elfu moja na mia nane. Spana zilikuwa zimeuzwa moja moja; sandukuni zilibaki saba na koleo. Mbuvi hakuomba pesa ya hizo. Alizitia kwenye mfuko wa nailoni na kusema, "Hizi toka nazo tu. Na usiniletee kitu tena."

Njambi alisimama kando ya barabara, redio mikononi, mfuko wa spana ukimning'inia kwenye kifundo cha mkono. Jumamosi ilikuwa bado siku tatu. Angeweza kurudi Thika, apange vitu vizuri, aoshe mtungi wa gesi, na Selpha akija amkute mwenye maneno yaliyokwisha kupangwa. Kagwe alikuwa amempangia hata maneno yenyewe. Lakini Kimbo ilikuwa palepale Ruiru, dakika ishirini kwa miguu. Alitoa simu, akatafuta karatasi aliyoikunja ndani ya pochi, na kupiga namba.

"Selpha? Ni Mama Ciku. Niko Ruiru. Nielekeze."

*

Chumba cha Selpha kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Jeconia alikuwa ameketi kwenye godoro lililowekwa sakafuni, mguu umenyooshwa mbele, mkono wa kulia umefungwa hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekonda, lakini alipomwona Njambi alitabasamu kwa meno yote.

"Mama Ciku! Karibu, karibu. Selpha, mpe kiti." Akamgeukia mgeni. "Nilikuwa namwambia huyu asiwe na wasiwasi. Alirudi amenuna sana Jumatatu, ati funguo ya stoo imekosekana. Nikamwambia, kwa Mama Ciku kitu changu hakiwezi kupotea. Si miaka minne?"

Njambi alimtazama Selpha. Selpha alikuwa amempa mgongo, anamimina chai, na mabega yake yalikuwa yamekaza. Hakuwa amemwambia ndugu yake. Alikuwa amemwachia Njambi mzigo wake, aubebe mwenyewe au autupe.

Njambi aliiweka redio chini. Hakukaa.

"Jeconia, hakuna stoo. Nilivunja mlango wako. Nimeuza vitu."

Tabasamu lilibaki usoni mwa Jeconia kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. Kisha likaondoka.

Njambi alieleza yote, moja baada ya jingine, bila kujitetea. Kitanda na godoro alimuuzia Dismas alipompa chumba. Gesi ameitumia kupikia. Mashine aliiuza kwa kilo na ameirudisha, rimu imepinda. Waya umeenda. Spana zimebaki saba. Nguo ziko ndani ya gunia na panya wamekula koti moja. Alipofika kwenye daftari alilitoa kwenye pochi na kumpa mkononi, kwa sababu hilo hakuweza kulisema.

Jeconia alilipokea kwa mkono wa kushoto, akaliweka mapajani. Hakulifungua.

"Ulinipigia simu mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Siku mbili?"

"Siku moja. Asubuhi na jioni."

"Nilipoingia kwako, uliniandikisha karatasi. Uliniambia niweke namba ya mtu wa karibu. Niliweka ya Selpha."

"Iko. Leo nimeitumia."

"Lakini wakati ule?"

"Sikuangalia."

"Hata kwa chifu, hukuuliza? Kwa kanisa? Dorine hukumuuliza? Dorine alijua nimeenda Murera, nilimwachia funguo yangu ya mfereji wa maji."

"Sikuuliza mtu," alisema Njambi. "Nilikuwa nataka chumba."

Hapo ndipo Jeconia alipolifungua daftari. Alipitisha kidole cha gumba kwenye ukingo ulioachwa na kurasa zilizong'olewa, na mdomo wake ukawa unasogea bila sauti. "Za mota za farasi tatu zimeenda zote," alisema hatimaye. "Na zile za pampu za Kijerumani. Hizo nilikaa miaka mitano kuzijua." Akaugeuza uso kuelekea ukutani.

Selpha aliweka birika chini. "Mama, umesema. Sasa nenda."

"Nitaenda," alisema Njambi. Hakusogea. "Lakini nitaenda nikijua anataka nini. Nikienda hivi nitarudi nyumbani kwangu niambiwe nimefanya vya kutosha, na nitaamini."

Nje mtu alikuwa akiuza mahindi, sauti yake ikapita na kwenda zake.

"Nina deni lako la miezi miwili," Jeconia alisema akiwa bado ameangalia ukuta. "Hilo sikatai. Ukihesabu ulivyouza, toa hapo. Kinachobaki, unilipe."

"Sawa."

"Siwezi kukaa hapa. Huyu ana watoto watatu nyuma ya hilo pazia. Nataka mahali pa kulala na pa kufanyia kazi. Mguu huu hautapanda ngazi ya kisima tena, lakini mkono utapona, nitazungusha waya wa mota nikiwa nimekaa. Watu wataniletea."

Njambi alifikiri. Nambari nne ilikuwa na Dismas, ambaye alikuwa amelipa dipositi yake na hakuwa na hatia. Vyumba vingine vilijaa. Kilibaki kimoja tu, kile cha mbele kinachotazama barabara, ambamo Kagwe aliuza makaa na mafuta ya taa.

"Kuna chumba cha mbele," alisema. "Kina mlango wa barabarani na stima."

"Si hicho ni cha mzee?"

"Nitaongea na mzee."

Jeconia aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Na nataka karatasi. Si ile ya kuandika majina. Karatasi inayosema, siku nikikosa kuonekana tena, wewe utafanya nini kabla uguse mlango wangu."

*

Kagwe alikataa Jumatano jioni, akakataa Alhamisi asubuhi. Alisema watu watacheka, mwenye ploti kuhamishwa na mpangaji. Alisema makaa ndiyo yanayomnunulia sigara na gazeti. Njambi hakubishana naye. Ijumaa alianza kubeba magunia mwenyewe, moja moja, akiyaburuta uani hadi chini ya upenu wa jikoni, kiganja bado kimefungwa. Kwenye gunia la nne Kagwe alitoka, akamnyang'anya upande mmoja, na wakalibeba pamoja.

Dismas alileta kitanda bila kuombwa mara mbili. "Mimi sitaki kulala juu ya shida ya msee mwingine," alisema. Njambi alimrudishia elfu zake nne, na hapo pesa ya chama ikaisha.

Jumamosi saa nne Jeconia alishuka kwenye gari la jirani yake Selpha, akajitegemeza kwenye magongo na kutazama. Wapangaji wote walikuwa nje, kila mmoja amepata kazi ya kufanya karibu na lango. Dorine ndiye aliyemwendea na kumshika mkono ule mzima. "Funguo yako ya maji ninayo," alimwambia.

Mzee wa Nyumba Kumi, Boaz, aliwekewa kiti na meza ndogo mbele ya chumba cha mbele. Njambi alikuwa ameandika karatasi yenyewe kwa siku mbili usiku, akaifuta, akaandika upya. Boaz alivaa miwani na kuisoma kwa sauti.

Mpangaji asipoonekana na kodi isipolipwa, mwenye nyumba atampigia simu kwa siku tofauti, na atampigia mtu wa karibu aliyeandikwa. Atauliza majirani. Atabandika barua mlangoni, na nakala aipeleke kwa chifu. Hatafungua mlango mpaka siku thelathini zipite na chifu ajulishwe, na akifungua atakuwa na mashahidi wawili, mmoja wao mpangaji. Kila kitu kitaandikwa na kupigwa picha, na kitawekwa mahali pakavu. Hakitauzwa mpaka korti iseme.

"Hiyo ya mwisho isome tena," alisema Jeconia.

Boaz aliisoma tena. Jeconia alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuweka sahihi iliyopinda kama ya mtoto. Njambi akaweka yake. Hakumwomba msamaha mbele ya watu, na Jeconia hakumpa mkono. Alimwambia tu, "Kodi ya kwanza nitalipa nikipata mota ya kwanza," naye akajibu, "Sawa," na yule mtu akaingia ndani polepole, gongo moja kabla ya jingine, kuangalia soketi ya stima iko ukuta upi.

Boaz alikuwa amekwisha kukunja miwani. Ndipo Dorine aliposogea mezani.

"Na mimi nataka."

"Unataka nini?" aliuliza Kagwe.

"Hiyo karatasi. Mimi sijaandikiwa."

Nyuma yake alikuwa amesimama Dismas. Nyuma ya Dismas, mama wa nambari saba, amefunga taulo kichwani, na nyuma yake mlinzi wa nambari mbili ambaye kwa kawaida saa hizo huwa amelala. Hawakusukumana. Walikuwa wamesimama tu, wanangoja, kama watu wa foleni ya kliniki.

Kagwe alimwinamia mkewe sikioni. "Njambi, hii sasa ni kujifunga kamba. Ukiandikia kila mtu, siku mtu akitoroka kweli tutafanya nini?"

"Tutafanya kama ilivyoandikwa."

"Tupate hasara?"

"Tumeshaipata," alisema. "Niletee karatasi zingine. Ziko juu ya kabati, kwenye daftari la hesabu la Ciku. Na kalamu, hii inakwama."

Kagwe akaleta karatasi, akarudi ndani kutafuta kalamu. Njambi aliandika ya pili kwa kunakili ya kwanza, neno kwa neno, akaisukuma mezani. Dorine hakuitia sahihi. Aliisoma yote, kidole chini ya kila mstari, midomo ikisogea, na watu wakamngoja.

"Hapa umesema siku thelathini."

"Ndiyo."

"Mimi mwezi ujao naenda nyumbani kujifungua. Nitakaa kama miezi mitatu. Na huko kwetu mtandao ni wa kupanda mlima."

Kagwe alikuwa amerudi na kalamu, akabaki amesimama nayo.

Njambi aliichukua. Alikata *thelathini* kwa mstari mmoja, akaandika juu yake *tisini*, na pembeni akaweka sahihi yake ndogo ili mtu asije akasema imechezewa. Aliigeuza karatasi imwelekee Dorine, akaonyesha mahali pa kutia jina, akavuta karatasi nyingine tupu.

"Anayefuata," alisema.